23 mbele, 26 nyuma

Fungua mlango wa dereva wa Jimny yangu, inama kidogo utazame nguzo ya mlango, utaona kibandiko cha Kijapani chenye tarakimu chache. Mbele 160 (1.6). Nyuma 180 (1.8). Kando yake ukubwa wa tairi: 175/80R16. Hizo ndizo namba za upepo ambazo Suzuki wameliandikia gari hili, ndizo nilizoweka, na nimezitetea mbele ya karibu kila jirani mwenye gari hapa Chuno, Mtwara.

Gari ni la mwaka 2012. Limetoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha mdogo wangu akalileta kwa kupitia Kibiti, Nangurukuru na Mnazi Mmoja hadi Mtwara. Kwangu ni jipya. Mimi ni afisa ugani, kazi yangu ni korosho, na miaka yote nimepanda kwenda kwa wakulima wa Nanyamba na Tandahimba kwa pikipiki ya ofisi. Sasa nina paa juu ya kichwa na matairi manne, na matairi hayo nimeamua kuyajua vizuri kama ninavyoujua mkorosho.

Namba kwanza. Ile 160 ni kilopaskali, na ile 1.6 ya kwenye mabano ni kilo kwa sentimita moja ya mraba. Ni upepo uleule kwa vipimo viwili. Mashine za upepo za hapa kwetu na geji nyingi za madukani zinasoma psi, yaani ratili kwa inchi ya mraba. Kilopaskali 100 ni psi 14.5, hivyo 160 ni psi 23 na 180 ni psi 26. Ukiwa huna kikokotoo, gawanya kilopaskali kwa 7, jibu litakuwa karibu kabisa. Kibandiko cha 220 ni psi 32 na cha 240 ni psi 35, na magari mengi madogo tunayoagiza Japani yapo hapo katikati au chini yake kidogo.

Asubuhi ya kwanza, kabla sijaliwasha, nilipima. Mbele kulia 37, mbele kushoto 34, nyuma 38 na 40. Hakuna tairi lililolingana na mwenzake. Sikushangaa sana. Magari yanayosafirishwa kwa meli mara nyingi hujazwa upepo mwingi ili matairi yasibonyee upande mmoja kwa kukaa muda mrefu, na baada ya hapo kila anayelishika anaongeza kwa mkono wake. Mdogo wangu alifika akishika kiuno. Alisema kwenye lami gari lilikuwa zuri, lakini kwenye michepuko ya vumbi nyuma kulikuwa kunarukaruka na kutaka kwenda pembeni.

Angalieni hesabu yenyewe. Jimny ni gari dogo, injini ya cc 660, uzito wake ni kama tani moja. Ukigawa kwa matairi manne, kila moja linabeba kama kilo 250. Kinachobeba hasa ni upepo, na tairi hujibonyeza chini mpaka eneo linalogusa ardhi litoshe kubeba uzito ule. Kwa 1.6, kilo 250 zinahitaji sentimita za mraba kama 156. Ukijaza psi 35, ambayo ni 2.46 kwa kipimo kile cha mabano, eneo linashuka hadi kama 100. Ni hesabu ya haraka, kwa sababu ubavu wa tairi nao unasaidia kubeba kidogo, lakini inaonyesha jambo: umepoteza karibu theluthi ya mguso wako na barabara. Breki zinategemea mguso huo. Kona zinategemea huo huo. Juu ya kokoto za barabara ya vumbi, ambako mguso wenyewe ni haba, theluthi si kitu cha kuchezea. Na kashata, yale matuta ya mpira yanayogusa barabara, za katikati zitaisha mapema wakati za pembeni bado ni mpya.

Sasa kwa kijana wa pancha. Yupo kwenye njia ninayopita kwenda mjini, ana kompresa yake nzuri na mikono yenye akili, na pancha anaziba kwa uangalifu ambao sijauona kwingine. Nilipomwambia nataka 23 mbele, aliniangalia kwa huruma.

"Mama, ishirini na tatu hiyo ni pancha."

"Mwanangu, njoo usome mwenyewe mlangoni."

Akaja, akasoma, akasema hiyo ni ya Japani, huku kwetu barabara mbaya, gari la fowili lazima lishibe, thelathini na tano ndiyo ya wote. Nikamuuliza kama yale maroli ya saruji yanayotoka kiwandani Hiari nayo anayajaza thelathini na tano. Akasema hapana, hayo yanakula mia na zaidi. Kwa nini? Kwa sababu ni mazito. Basi nikamwambia na hili langu ni jepesi.

Hapo alinyamaza akifikiri kweli. Karibu yake kulikuwa na gari dogo la mteja mwingine likisubiri, mwenyewe akiwa kibandani anakunywa chai. Tukaomba ruhusa, tukafungua mlango. 220 mbele, 220 nyuma. Psi 32. Hata hilo halikuwa thelathini na tano. Akasema miaka yote anafungua milango kutafuta vitasa vya kupandisha vioo na hajawahi kutazama kale kakaratasi.

Simlaumu hata kidogo. Wateja wenyewe tunafika, tunasema "weka upepo," tunarudi kwenye simu. Lakini nimezoea kazi ambayo dawa ina kipimo chake kwenye mfuko. Mkulima wa Tandahimba akipuliza salfa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, kwa kukadiria, mkorosho mdogo akaupa dozi ya mkorosho mkubwa, ni mimi nitakayesimama shambani kumwambia soma mfuko, hesabu miti, pima. Siwezi kusema hivyo mchana halafu jioni nikajaza tairi kwa kukadiria.

Na kukadiria ndiko tunakofanya. Mmoja anapiga teke. Mwingine anabonyeza kwa kidole gumba. Utingo wa lori anagonga kwa chuma asikie mlio, na kwake ina maana, kwa sababu tairi za nyuma za lori zimekaa mbili mbili na moja ikilala kabisa mwenzake huibeba bila wewe kuona; mlio humwambia. Lakini hakuna teke wala mlio utakaokutenganishia 23 na 30 kwenye gari dogo. Matairi ya kisasa yana ubavu mgumu. Linaweza kupoteza robo ya upepo wake na bado likaonekana limesimama vizuri.

Nunua geji yako. Ya kalamu inatosha, ya mshale ni nzuri, ya betri ni rahisi kusoma alfajiri. Yangu ni ya mshale, na kabla sijaiamini niliilinganisha na mbili za wenzangu kazini; zote zilisoma sawa. Ya kwenye kompresa ya kijana inasoma chini ya zetu kwa psi 3, yaani yeye akiona 35 ndani kuna 38. Nilimwonyesha, naye sasa ameandika kwa rangi kwenye tangi la kompresa: ongeza 3, yaani juu ya namba anayoisoma. Nilifurahi sana kuiona.

Jambo la pili, ambalo naliona zito kuliko yote: zile namba za mlangoni ni za tairi lililopoa. Lililopoa maana yake gari halijatembea kwa saa tatu hivi, au limetembea kilomita moja au mbili tu, pole pole. Mimi napima alfajiri kabla jua halijafika uani. Hilo la jua nimelijifunza kwa kupima: gari langu limeelekea kaskazini, na ikifika saa mbili asubuhi matairi ya upande wa mashariki yanasoma psi 1 au 2 zaidi ya ya upande wa mwembe. Halijasogea hata hatua. Ni joto tu.

Na joto ndilo lililozaa imani moja ninayotaka kuipinga kwa nguvu zangu zote. Utaisikia kwa madereva wanaokwenda Dar: barabara ni ndefu, jua kali, punguza upepo kabla ya safari ili tairi likipata moto lisipasuke. Wengine husimama Nangurukuru kupumzika, wakapima, wakaona upepo umepanda, wakautoa.

Fuatilia kinachotokea. Tairi langu la nyuma lina psi 26 alfajiri, joto la hewa nyuzi 27. Nikiendesha mwendo mrefu, hewa ya ndani inaweza kufika nyuzi 57. Joto limepanda kwa sehemu moja ya kumi ukihesabu kutoka sifuri halisi (nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida), na upepo nao hupanda kwa sehemu hiyo hiyo, ila lazima ujumlishe na uzito wa hewa ya nje, karibu psi 15, ambao geji haiuonyeshi. 26 na 15 ni 41. Sehemu ya kumi yake ni 4. Geji itasoma 30. Hiyo 30 waliotengeneza gari wanaijua, wameihesabu tayari walipoandika 180 mlangoni. Ukiitoa hapo Nangurukuru hadi irudi 26, kesho alfajiri tairi likipoa utakuta 22. Kesho kutwa unaendelea na safari na tairi lenye njaa.

Tairi lenye njaa ndilo linalopasuka. Kila mzunguko ubavu wake unakunjika na kukunjuka, kunjika kunjuka, mara mamia kwa dakika, na mpira unaokunjwa hivyo huzalisha joto lake wenyewe. Joto linalegeza gundi iliyoshika nyuzi za ndani. Mtu anayaona yale mapande ya mpira yaliyosambaa kandokando ya barabara kati ya Somanga na Mchinga, anasema jua la Kusini kali. Jua lipo, lakini mara nyingi tatizo lilianza kwa upepo pungufu, mzigo uliozidi, au mpira uliozeeka. Tafadhali, ndugu zangu mnaobeba familia, msitoe upepo kwenye tairi la moto. Likiwa la moto na umeshuku limepungua, ongeza, kisha pima tena kesho likiwa limepoa.

Huo uzee wa mpira unasomeka. Ubavuni tafuta herufi DOT, na mwishoni mwa mstari wake tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3519 limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Magari ya kuagiza hufika na matairi yenye kashata nzuri na mpira mkongwe. Hapo hapo ubavuni utakuta pia maandishi ya MAX na psi 44 au 51. Nimewasikia watu wazima wakisema hiyo ndiyo namba ya kujaza. Siyo. Hiyo ni kikomo cha tairi lenyewe, na tairi halijui limefungwa kwenye gari gani.

Kwa nini nyuma yangu ni juu kuliko mbele wakati injini ipo mbele? Nami nilijiuliza. Mzigo na abiria wa nyuma hukaa karibu juu ya ekseli ya nyuma, na kwenye gari fupi kama hili tofauti ya psi 3 huifanya nyuma itulie. Msimu wa kupuliza, kuanzia Mei au Juni, hupakia mifuko ya salfa ya kilo 25 nyuma, na hapo naelewa kabisa kwa nini. Magari mengine kibandiko chao kina safu ya pili ya mzigo kamili. Isomeni kabla ya kupakia ndugu wa harusi.

Kupanda uwanda wa Makonde kuna jambo lake dogo ninalolipenda. Ukitoka Mtwara usawa wa bahari ukalala Newala, hewa ya nje ya huko juu inakandamiza pungufu kidogo kuliko ya pwani. Kwa kila mita 700 za kupanda, geji itaonyesha kama psi 1 zaidi bila wewe kuongeza chochote. Lakini asubuhi za Julai kule ni baridi na ukungu, na kila nyuzi 10 za kushuka kwa joto zinakupunguzia psi 1 na kidogo. Yakikutana yanakaribia kufutana. Kwa hiyo napima nyumbani Mtwara, nikilala Newala nahakiki kwa macho ya kutafuta tairi linalovuja, sianzi kuongeza na kupunguza kwa ajili ya psi moja.

Kuvuja ndiko kunakonifanya nipime kila wiki mbili. Tairi zima kabisa hupoteza kama psi 1 kwa mwezi kupitia mpira wenyewe. Likipoteza 3 wakati wenzake wamepoteza nusu, lina msumari au valvu imechoka. Paka povu la sabuni kwenye valvu. Ikivuja utaliona povu linavimba. Na vifuniko vya valvu virudisheni. Mchanga wa huku ni mwembamba, ukiingia kwenye kile kisindano cha ndani unakizuia kufunga.

Mchanga wenyewe ni habari nyingine. Mwisho wa wiki tukienda Msimbati, tukishapita Madimba na kuukaribia ufukwe, nashuka na kutoa upepo hadi psi 16 matairi yote. Tairi linarefuka chini, linaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Tumepita vizuri mahali ambapo magari makubwa yenye nguvu mara tatu ya langu yalikuwa yanasukumwa. Masharti ni mwendo wa polepole na kutokata kona ghafla, maana kwa upepo huo mdogo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Nina kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara. Kabla ya kurudi barabarani nakaa kivulini, watoto wanakula embe, nayo inanguruma mpaka kila tairi lipande. Hapo nakadiria kidogo juu, kwa kuwa matairi ni ya moto, na kipimo halisi nakifanya alfajiri inayofuata.

Watu wananiuliza kuhusu naitrojeni inayouzwa mijini. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Fedha hiyo nunua geji.

Walioweka matairi makubwa kwenye Jimny zao, na nimewaona wawili hapa mjini, kibandiko hakiwahusu tena moja kwa moja. Kwenu kuna njia ya chaki: chora mstari mnene kukatiza kashata zote, sukuma gari mita chache kwenye sakafu tambarare ya saruji, tazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Anzia kwenye namba ya mlangoni na usogee kidogo kidogo.

Tairi la akiba msilisahau. Langu lipo mlango wa nyuma, mbele ya macho, na nalijaza 26 kwa sababu kupunguza porini ni rahisi kuliko kuongeza. Wenye yale membamba ya muda, yenye herufi T mwanzoni mwa ukubwa wake, someni ubavuni: mengi yanataka kilopaskali 420, psi 60. Nimempimia jirani la kwake, likasoma 18.

Mwezi ujao nazungusha matairi, ya nyuma yaje mbele na ya mbele yaende nyuma, ili kashata ziishe sawasawa kabla ya msimu wa kupuliza. Kijana wa pancha ameshakubali kunifanyia, na ameshaniuliza swali ambalo wengi hawaulizi: upepo nao unahama? Ndiyo. Yanayokuja mbele yanashushwa hadi 23, yanayokwenda nyuma yanapandishwa hadi 26, na tutafanya kazi hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla kompresa yake haijapata wateja.